Muheza, Lushoto, Korogwe, Handeni: kwa nini wilaya jirani za Tanga hazifanani sura, harufu wala hulka?

Wanajamvi, heshima kwenu.

Kila mjadala kuhusu mkoa wa Tanga unapokolea humu, haupiti muda kabla mtu hajaanza kugawa hulka za watu kwa makabila yao: Msambaa hachoki kulima, Mbondei anapenda kupumzika chini ya mnazi, Mzigua haambiliki. Maneno haya yanachekesha kwa sababu yamebeba utani wa jadi, na watani wenyewe ndio wanaoyatamka kwa sauti kubwa kuliko wote wanapokutana misibani. Yanapogeuzwa kuwa maelezo ya kweli ya kwa nini Lushoto iko hivi na Handeni iko vile, hapo siafiki. Wabondei, Wasambaa na Wazigua, ambao tumezoea kuwaita kwa pamoja Boshazi, ni ndugu. Lugha zao zinasikilizana na simulizi za wazee wao zinawapa asili moja. Tofauti kubwa kiasi hicho baina ya ndugu lazima itafutiwe chanzo nje ya damu.

Mimi nimefanya kazi ya kununua na kusafirisha mazao katika wilaya hizi kwa miaka mingi, na maoni yangu ni kwamba anayetaka kuelewa kijiji aulize mambo mawili kabla ya kuuliza kabila: mvua inafika hapo kwa njia gani, na fedha inaingia mkononi mwa mkulima mara ngapi kwa mwaka. Mvua huamua sura ya mahali na harufu yake, na malipo huamua sehemu kubwa ya kile tunachokiita hulka.

Tuanze na mvua. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unavuka tambarare ya Muheza na kugonga milima ya Usambara Mashariki, ambayo haiko mbali na pwani. Hapo unapanda, unapoa na kumwaga maji, ndiyo maana Amani hupata takriban milimita 1,900 za mvua kwa mwaka na msitu wake hauonekani kukauka hata mwezi wa Februari. Upepo huohuo unashuka katika bonde la Lwengera, unapanda tena Usambara Magharibi ukiwa umepungukiwa, na ukishavuka kilele cha Lushoto hauna kitu cha kuwapa watu wa Mazinde na Mkomazi walio nyuma ya mlima. Ukisimama Irente, ukingoni mwa jabali, miguu yako iko kwenye ardhi ya kabichi na chini yako, karibu mita 1,000, kuna mbuga ya miiba na mistari ya mkonge. Hizo ni nchi mbili zinazotazamana, na Wasambaa wa zamani walizitambua hivyo: Shambaai huku juu, nyika kule chini, kila moja na miti yake, maradhi yake na chakula chake.

Muheza ni mji wa machungwa, na msimu ukifika hakuna haja ya kuambiwa. Harufu inaanzia barabarani, ya maganda yaliyopondwa na matairi na ya matunda yaliyodondoka yakachachuka juani, ikichanganyika na ya nyasi mbichi, kwa sababu mashamba mengi hapa yana minazi, mifenesi na miembe iliyosongamana bila mpangilio ambao bwana shamba angeusifu. Mgeni hushangaa kuona chungwa bivu likiwa bado na ganda la kijani. Ni kwa sababu usiku wa Muheza haupoi vya kutosha kuligeuza rangi, na utamu wake hauhusiani na ganda.

Muhimu kwa hoja yangu ni jinsi chungwa linavyouzwa. Mkulima mwenye shida huuza matunda yakiwa bado machanga mtini, wakati mwingine miti ingali na maua, kwa dalali anayezunguka na fedha taslimu. Mavuno yakifika, magari ya wanunuzi, mengine kutoka Kenya, yanakuja kuchuma mali ambayo mwenye shamba alishaila. Fedha inakuja kwa mkupuo mmoja mkubwa, na mkupuo huo ndio unaoezeka nyumba, unaolipa mahari na unaogharimia shughuli. Kati ya mkupuo na mkupuo, mchungwa haudai kazi ya kila siku. Mtu anayeishi kwa kalenda hiyo anakuwa na muda wa baraza, na baraza huzaa ufundi wa kuzungumza. Wanaosema Mbondei ni mvivu waende Kabuku, upande wa Handeni, ambako Wazigua walipanda michungwa wakaingia katika biashara ileile. Watakuta baraza zilezile na madeni yaleyale kwa madalali walewale.

Kutoka Muheza kuelekea Korogwe unaingia katika nchi ya mkonge, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu inayonivutia kuliko zote na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Mkonge si mwenyeji. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu iliyopona safari ndiyo iliyooteshwa Kikogwe, jirani na Pangani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kabla kamba za nailoni hazijaangusha bei. Sura ya nchi ya mkonge ni mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke, majani ya kijivu yenye miiba nchani, na hapa na pale mlingoti uliochanua juu ya mmea unaokaribia kufa.

Harufu yake inatoka korona, yaani mtambo wa kutoa nyuzi, au singa, kwenye jani la mkonge. Aliyewahi kusimama karibu na korona inayofanya kazi anaijua. Majani yanaingia kwa mkanda, ngoma zenye visu butu zinayaponda na kuyakwangua nyama huku maji yakimwagwa kwa wingi, na upande wa pili zinatoka singa zilizolowa, bado zina ukijani, ambazo wanawake huzichukua kwa mafungu na kuzitandaza kwenye waya juani. Singa ni sehemu ndogo sana ya jani, kama kilo 4 katika kila kilo 100. Zilizobaki ni tope la kijani linalotiririka katika mfereji wa nyuma. Siku ya kwanza linanuka kama nyasi zilizokatwa. Siku ya tatu linanuka uchachu mzito unaong'ang'ania shati, na utomvu wake ukikurukia mkononi unawasha mpaka jioni. Pale Hale walijenga katika miaka ya 2000 mtambo wa kugeuza tope hilo kuwa gesi na umeme, jambo ambalo lilipaswa kufanywa katika kila korona, kwa maana kwa miongo mingi tope hili liliachwa lielekee mitoni.

Wakazi wa vijiji vya mkonge ni watu wa aina yao. Wenyeji wa milimani hawakupenda kukata mkonge kwa mkataba, hivyo wenye mashamba walileta manamba kutoka mbali, na kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya kuwaandikisha, Silabu, iliyosafirisha watu kutoka bara na kusini, na wengine walitoka Burundi na Msumbiji. Kambi za Ngombezi, Magoma na nyinginezo zikajaa Wabena, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde na Warundi, nyumba zimepangwa mstari kama mkonge wenyewe. Hapo hakuna mwenyeji na hakuna mgeni. Watoto walikua wakizungumza Kiswahili nyumbani kabla jambo hilo halijawa la kawaida vijijini kwingine, ngoma za makabila mengi zilichezwa uwanja mmoja, na mshahara wa mwisho wa mwezi ulizaa utamaduni wa daftari la deni dukani, ambamo mtu huandikiwa unga, mafuta na sabuni mpaka siku ya malipo. Muuza duka wa kambi hukuamini upesi, kwa sababu anajua mshahara wako unatoka dirisha gani. Mwenye duka wa Muheza atakuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani.

Amani nitaipita haraka, kwa sababu wengi wameiandika. Bustani ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, hifadhi ya msitu asilia ikatangazwa mwaka 1997, na barabara ya kupandia inapita Sigi, palipokuwa na stesheni ya reli ya zamani. Huko juu kuna harufu tatu zinazopokezana: majani ya chai yanayonyauka kiwandani kabla ya kukatwa, majani yaliyooza katika kivuli cha msitu, na viungo. Iliki ilikuwa ikipandwa chini ya miti ya msitu wenyewe, mpaka uhifadhi ulipoizuia ndani ya mipaka. Sasa utaona karafuu, pilipili manga na mdalasini katika mashamba ya watu. Karafuu zinapoanikwa kwenye mikeka kijiji kizima hunukia, na mwenye karafuu juani haondoki nyumbani, maana wingu dogo tu linaweza kumharibia mali. Hivyo watu wa kule wanatazama juu kila wakati wanapozungumza nawe. Wengine wameliona jambo hilo kuwa ni kiburi.

Sasa Lushoto. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, na katika kilomita hizo unapanda karibu mita 1,000, joto linapungua nyuzi 6 au zaidi, na abiria waliofungua madirisha Mombo wanayafunga Soni. Harufu ya vumbi na mafuta ya breki inaisha, inaingia ya mikaratusi, ya udongo uliolowa na, ukikaribia soko, ya majani ya kabichi yaliyokanyagwa. Miteremko imekatwa vipande vidogovidogo vya rangi tofauti, viazi hapa, karoti pale, maharage chini ya migomba, mgrevilea mpakani. Hakuna kipande kinachopumzika. Wakati wa kipupwe ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na watu wanalima ndani yake wamevaa makoti mazito na buti za mpira.

Mboga haingoji. Nyanya ikiiva leo, kesho kutwa ni hasara; kwa hiyo mkulima wa Lushoto anauza wiki hii, wiki ijayo na wiki inayofuata, kwa fedha ndogo ndogo, na kila mara anakabiliana na mnunuzi uso kwa uso. Nimenunua kabichi Lukozi. Mwanamke anashuka na mzigo kichwani kabla jua halijatoka, anautua, anaitazama fuso, anahesabu wanunuzi waliofika siku hiyo, na kabla hujataja bei yako ameshajua Dar es Salaam kuna upungufu au mzigo umejaa. Atakuruhusu ujaze gunia mpaka lifanye nundu, maana lumbesa imekatazwa lakini haijaisha, kisha nundu hiyo ataiingiza kwenye bei bila kuitaja. Anayeuza mara nyingi kwa mwaka hujifunza biashara mara nyingi kwa mwaka. Huo ndio "uchapakazi" na "ujanja" wa Msambaa unaosimuliwa. Mchukue Mbondei umpe robo ekari ya karoti pale Lukozi, misimu miwili haitapita kabla hajawa vilevile.

Handeni nawaachia wenyeji wake wachangie. Nitasema tu kwamba mvua yake ni ya kubahatisha, udongo wake mwekundu, na kwamba harufu ninayoifungamanisha nayo ni moshi wa mkaa pamoja na ile harufu ya ardhi kavu inayopata mvua ya kwanza ya vuli.

Karibuni tujadili kwa hoja.

—

Mchangiaji: Mwana wa Vugha

Ndugu mleta uzi, nimesoma kwa makini na nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila umeiacha ardhi yenyewe. Kule kwetu shamba la babu limegawanywa kwa watoto, likagawanywa tena kwa wajukuu, na sasa mtu anarithi matuta machache yaliyotawanyika katika vilima vitatu. Mvua na mboga peke yake zisingetosha kumfanya mtu aamke saa kumi usiku. Udogo wa shamba ndio unaomwamsha. Na anayeamka kwa kawaida ni mama. Wanaume wengi wa rika langu tulishuka Tanga mjini na Dar es Salaam kutafuta vibarua na kufungua vibanda, tukarudi wakati wa sikukuu kusifiwa uchapakazi ambao wake zetu na mama zetu ndio walioufanya.

Jambo la pili ni ukaidi. Mnasema Mzigua haambiliki, lakini katika miaka ya 1950 ni Wasambaa waliogomea matuta ya serikali ya kikoloni mpaka mpango ule ukaachwa kabla ya uhuru. Wazee wetu hawakuchukia kuhifadhi udongo. Walichokataa ni kazi ya kulazimishwa, iliyowaongezea mzigo bila kuwaongezea chakula, huku wakihofu kwamba ardhi ikishapimwa na kupangwa ingechukuliwa. Siku hizi miteremko mingi ina makingamaji ambayo watu waliyachimba kwa hiari, kwa sababu mboga inalipa.

—

Mchangiaji: Mjukuu wa Handeni

Shikamoo mzee mleta uzi. Kwa kuwa umetuachia nafasi, naomba niitumie.

Ni kweli kwamba nyika yetu haina kijani cha kudumu, lakini inabadilika kuliko milima yenu yote. Mwezi wa Septemba mtu akipita barabara ya kutoka Mkata ataona miti isiyo na majani, vichuguu na magunia ya mkaa yamesimamishwa kandokando. Arudi baada ya mvua za vuli, atadhani amepotea njia. Kuhusu harufu, umesahau mifugo. Siku ya mnada kuna vumbi la kwato, nyama inayochomwa na maziwa katika vibuyu vilivyofukizwa moshi, kwa maana tumeishi na wafugaji, Waparakuyo hasa, kwa vizazi vingi. Tangu mwaka 2022, kaya za Wamasai kutoka Ngorongoro zilipoletwa Msomera, upande huo wa wilaya umepata sura nyingine kabisa, ya nyumba za bati zilizopangwa mistari mbugani, na mazungumzo ya malisho na maji yamekuwa makali zaidi.

Kuhusu hulka, hoja yako ya malipo inahitaji kuongezwa kitu. Sisi tunaishi kwa kukadiria mwaka wa njaa. Mahindi hayauzwi yote hata bei ikiwa nzuri. Yanapandishwa darini juu ya jiko ili moshi uyakinge na wadudu, na muhogo unakatwa makopa kwa ajili ya bada, ugali wa muhogo. Mnunuzi akija na haraka zake tunamwangalia kwanza, na kwake yeye huo ni ukaidi. Lakini kumbukeni kwamba katika karne ya 19 ukame uliwasukuma Wazigua wengi kuondoka pwani kwa majahazi wakidhani wanakwenda kufanya kazi, wakajikuta watumwa Somalia. Wajukuu zao waliokimbia vita vya huko walirudi, wakapewa makazi Chogo, humuhumu Handeni, na wengi wao wakapata uraia, wakiwa bado wanazungumza Kizigua. Mtu aliyekulia na simulizi hiyo hauzi akiba yake kwa sababu fuso linapiga honi.

—

Mchangiaji: Binti Magila

Mimi ni Mbondei na sijakasirika, kaka, ingawa neno "madeni" limenigusa. Nina pingamizi moja tu. Umeeleza muda wa baraza lakini hukueleza lugha ya baraza. Ufundi wa maneno wa Muheza haukutokana na mchungwa, ambao ni wa juzi. Sisi tuko kati ya bandari ya Tanga na milima. Misafara, misheni ya Magila na baadaye reli, iliyofika Muheza mwaka 1896, vyote vilipita mlangoni kwetu. Wakilindi wa Vugha, ukoo wa wafalme wa Usambara, walitutawala, tukawaondoa mwishoni mwa miaka ya 1860, na hatukuwa na mfalme mwingine wa kutupatanisha. Watu wasio na mfalme husuluhishana kwa kuzungumza. Kwa hiyo ongeza katika maswali yako mawili la tatu: ni nani waliopita hapo?

—

Mleta uzi

Nawashukuru nyote.

Mwana wa Vugha, suala la mama na kipande cha shamba nalipokea bila ubishi. Hata mimi ninaponunua, asilimia kubwa ya mikono inayopokea fedha yangu sokoni ni ya wanawake. Kama fedha hiyo inabaki mikononi mwao wakifika nyumbani, hilo linastahili uzi wake.

Mjukuu wa Handeni, marahaba. Hoja yako ya akiba naona inaingia ndani ya hoja yangu badala ya kuipinga: aliyeko nyikani hupanga kuuza kwa kuhofia mwaka ujao, na aliyeko Lushoto kwa kuhofia kesho kutwa. Ndiyo maana mnunuzi mmoja, mwenye adabu ileile, anaambiwa mkarimu mahali pamoja na mjeuri mahali pengine.

Binti Magila, dada yangu, swali lako la tatu ni zito na nitalijibu kwa mfano wa Mazinde. Pale Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri wa Wakilindi, aliteremka kutoka milimani akajenga makao yake nyikani ili awe kando ya njia ya misafara, kwa sababu pembe na bunduki zilikuwa zikipita chini na heshima ya Vugha ilikuwa juu. Njia ilimshinda mlima. Kwa hiyo nakubali kwamba waliopita wana nguvu, ila naongeza kwamba na wao walipita walipopita kwa sababu ya maji na mali.

Kuna mwanajamvi ameniandikia pembeni akiuliza kuhusu majirani zetu Wapare wa upande wa Same. Sikuwaweka kwa kuwa wako mkoa mwingine, lakini kwa mnunuzi wa mazao mpaka huo hauna maana kubwa. Mamba Miamba inalima tangawizi, na tangawizi ina tabia isiyofanana na kabichi wala chungwa: ikikomaa unaweza kuiacha ardhini kwa muda, ukaichimba kidogo kidogo bei inapopanda. Nilichokiona kule ni wauzaji wenye subira ya Handeni na hesabu za Lukozi. Wanakubali kukuonyesha shamba, wanafukua shina moja ulione, harufu inakupanda puani, kisha wanalifukia na kukwambia urudi mwezi ujao.